Kutu ya Upanga wa Marehemu

Jecinta hakuwahi kushindwa na sufuria. Kwao Mwala, mgeni akitarajiwa, vyombo husuguliwa kwa jivu na mchanga tangu alfajiri, kisha hupangwa kifudifudi juu ya kichanja, vitako vikielekea njiani, ili mgeni kabla hajapiga hodi ajue amefika kwa watu wa namna gani. Mama yake alivikagua kimoja kimoja. Chenye alama ya moshi kilirudishwa, na aliyekisugua alirudishwa nacho. Basi ungemkuta Jecinta, mtu mzima mwenye watoto wawili, amepiga magoti katika jiko la jumba moja la Al Warqa akigombana na kitako cha sufuria kana kwamba kimemtukania mama, usingepaswa kumcheka. Ndivyo alivyolelewa, na ndicho kilichomponza.

Jumba lilikuwa la Bi Kuruthum, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyezaliwa Unguja akaletwa Dubai akiwa msichana mdogo. Kiarabu chake kilikuwa cha huku huku, lakini hasira zake na mapenzi yake yalitoka kwa Kiunguja. Alikuwa mwanamke mwema mwenye kasoro moja: hakuwa na subira ya kufika mwisho wa jambo. Barua aliisoma nusu, hadithi aliisikiliza nusu, dawa aliinywa nusu chupa. Nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe kichwani.

Wafanyakazi wake walikuwa wawili tu, Jecinta wa ndani na Twaibu dereva, Mganda wa Iganga, aliyelala chumba cha getini. Walikuwa pamoja mwaka wa tano. Kila siku baada ya sala ya alasiri Twaibu aligonga dirisha la jiko mara mbili, Jecinta akamtolea chai ya tangawizi katika kikombe cha bluu chenye ufa kwenye mkono, na Twaibu akanywa amesimama nje huku akimsimulia ya barabarani. Hapakuwa na lingine kati yao, ingawa wasichana wa majumba ya jirani walikuwa na maoni yao. Ni kwamba katika nchi ile nzima, Twaibu ndiye mtu pekee ambaye Jecinta hakuchagua maneno mbele yake.

Sasa, upanga. Ulikuwa sebuleni, juu ya kabati la vikombe, tangu kabla Jecinta hajafika. Marehemu Bwana Nasor, mume wa Bi Kuruthum, alipewa na mhandisi mmoja Mjapani waliyefanya kazi pamoja bandarini miaka ya sabini. Kwa maneno ya marehemu, upanga ule ulifuliwa miaka mia nne iliyopita na mhunzi mwenye jina kubwa, na jina lenyewe limechongwa ndani. Kwa maneno ya ndugu za marehemu, aliununua duka la mapambo akaona haya kusema.

"Nasor, Mungu amrehemu, alikuwa muongo," Bi Kuruthum alizoea kusema, mdomo kaubenua. "Kanidanganya umri wake, kanidanganya idadi ya wakeze. Hili moja nataka nilijue kabla sijamfuata."

Mwaka 2014 jamaa mmoja akamtafutia mtu wa kulijua. Aliitwa Bwana Kitagawa, mzee wa Osaka aliyetumia maisha yake yote kukagua panga za kale, na kila mwaka alikuja Dubai kumtembelea bintiye aliyeolewa huku. Kabla ya safari aliomba picha. Ujumbe wake ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa Kiingereza cha adabu nyingi. Ulianza kwa kueleza jinsi ya kuvua mpini: kuna kijiti cha mwanzi kimepita katikati, kisukumwe kitoke, mpini utavuka wenyewe. Bi Kuruthum alisoma hadi hapo, akaita watu.

Twaibu akasukuma kijiti, Jecinta akashika ala. Mpini ulipovuka kikajitokeza kipande cha chuma kilichokuwa kimejificha ndani yake, urefu wa kiganja na nusu, chenye tundu moja na maandishi ya Kijapani yaliyochongwa kwa patasi. Jecinta akakiita mkia. Bapa la upanga lilikuwa jeupe, linameta. Mkia ulikuwa umevaa kutu nzito, nyeusi, kama kitu kilichofukuliwa shambani. Bi Kuruthum akapiga picha kwa tableti yake, mwanga wa kamera ukiwaka usoni pa chuma, hata picha za bapa zikatoka weupe mtupu. Za mkia zilitoka vizuri. Saa ile ile mzee akajibu kwamba mkia unatia moyo, na kwamba atakuja kuuona kwa macho yake.

"Bapa lisiguswe na kitu ila mafuta haya," Bi Kuruthum akaamuru, akimpa Jecinta kichupa cha Kijapani kilichonukia karafuu. Kilimfurahisha sana kile kichupa. "Unaona? Hata Wajapani wanajua karafuu."

Jecinta aliitii amri ile kama ilivyotoka. Bapa hakuligusa ila kwa mafuta.

Siku chache baadaye Twaibu alitumwa Al Jaddaf, kwa fundi mmoja wa mbao katika karakana za majahazi, upanga upimwe utengenezewe sanduku la heshima. "Usiuache peke yake," madam alimwambia. Jioni upanga ulirudi, na baada ya siku nne sanduku likafuata.

Kisha ikafika siku moja kabla ya mgeni. Jecinta alikuwa ameshapiga deki nyumba nzima mara mbili. Akatoa upanga aupake mafuta, na kwa kuwa kijiti kilikuwa kimelegea tangu siku ya picha, mpini ukamvukia mkononi. Akauona tena ule mkia. Mtu atoke Osaka, apande ndege, aje hadi hapa, afunuliwe uchafu wa namna hii? Atasema nyumba hii ina mwanamke kweli?

Hakuuliza mtu. Nani anayeomba ruhusa kuosha chombo? Alichota jivu kwenye chetezo cha udi, akakamua limau mbili, akachukua waya wa kusugulia sufuria, akaketi kibarazani nyuma ya jiko. Kutu ilikuwa kaidi, lakini haikujua imekutana na nani. Kutoka saa nane hadi alasiri alisugua, akasuuza, akasugua tena, hadi mkia ukang'aa akaona kivuli cha pua yake. Twaibu alipogonga dirisha siku hiyo, chai ilichelewa, na Jecinta alimtolea huku vidole vikimuuma na moyo umetulia kabisa.

Bwana Kitagawa alifika saa nne asubuhi, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu. Alitandaza kitambaa cheupe juu ya meza, akauinamia upanga kama anayemsalimu mkwe, akachomoa kijiti kwa nyundo ndogo. Jecinta alitamani abaki ashuhudie uso wake mpini ukivuka. Lakini maziwa yalikuwa motoni, akakimbilia jikoni.

Aliyemsikia kwanza alikuwa madam.

"Wamenibadilishia! Jecinta! Wamenibadilishia upanga wangu!"

Jecinta alirudi sebuleni na kijiko mkononi. Upanga ulikuwa juu ya kitambaa, mkia wazi, unameta hata kuliko alivyouacha, na kwa nusu sekunde alijisikia fahari. Kisha akawaona watu. Mzee ameweka mikono magotini, macho chini. Bi Kuruthum amesimama, mtandio umemwangukia mabegani.

"Huu si upanga wangu," Bi Kuruthum alisema. "Mzee anasema huu mkia ni wa upanga mpya. Kuna panga kibao za kuigiza zina jina la mhunzi huyo huyo. Kasema ima mtu kaubadilisha..."

"Or, madam," mzee akaingilia polepole, kidole juu, "or maybe..."

"Khalas!" Bi Kuruthum alishika simu. "Nishakuelewa, bwana. Namwita Hamdan."

Hamdan alikuwa mpwa wa marehemu, mtu wa magari makubwa na maamuzi mafupi. Bi Kuruthum alimwambia aje amchukue dereva ampeleke polisi, maana upanga ulitoka nyumbani mara moja tu na aliyekuwa nao ni mmoja tu. Hamdan akasema yuko njiani, nusu saa.

Jecinta hakuelewa hata kidogo. Alisogea akautazama upanga tena. Mawimbi meupe ya ukingoni yalikuwa yale yale. Karibu na ncha kulikuwa na kibonyeo chembamba kama alama ya ukucha, ambacho kitambaa chake kilikuwa kikinasa kila Jumamosi kwa miaka mitano.

"Madam, ni huu. Aki ni huu. Ona hapa, hii alama naijua."

"Wewe unajua sahani, bibi wewe. Mtu aliyesomea maisha yake yote kasema sio, wewe unasema ndio?"

Jecinta akashusha kijiko, kwani hata yeye aliona hastahili kubisha. Yeye ni nani? Mzee yule amevuka bahari akiwa na lenzi mfukoni. Lakini na hiki kibonyeo je? Kibonyeo kinabadilishwa?

Twaibu akaitwa. Alisimama kwenye mlango wa sebule, viatu mkononi.

"Siku ile ya Al Jaddaf," Bi Kuruthum alimuuliza, "uliuacha upanga?"

"Hapana, madam."

"Apa."

Twaibu akatazama viatu vyake.

"Niliuacha kidogo," Twaibu akasema.

"Kidogo nini?"

"Kutoka saa nne mpaka alasiri. Fundi alisema anapima, na wewe madam ulinipigia nije nikupeleke kwa daktari. Nikaenda, nikarudi, nikauchukua. Ni huo huo, wallahi."

"Na sasa hivi umeniambia hukuuacha."

Twaibu aliambiwa asubiri getini, akaenda, na Jecinta akamfuata kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa amechanganyikiwa hasa. Upanga ni ule ule, hilo vidole vyake vilijua. Lakini mtaalamu amesema sio. Na Twaibu, ambaye hajawahi kumdanganya hata kuhusu foleni za barabarani, amedanganya mbele ya macho yake. Mtu akidanganya moja, mbili inamshinda nini? Labda fundi ameiga hadi kibonyeo. Labda walikubaliana. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, na aliendelea kuwaza.

"Twaibu," alimwita kwa sauti ya chini. "Niambie mimi tu. Uliuza?"

Twaibu aligeuka akamtazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe pia, dada?"

Akaingia chumbani kwake. Kupitia mlango ulioachwa wazi Jecinta alimwona anashusha begi kutoka juu ya kabati na kuanza kukunja mashati, moja moja, kwa utaratibu wa mtu ambaye ameshahukumiwa.

"Jecinta!" madam aliita kutoka ndani. "Lete ile tableti. Nataka Hamdan aone picha za upanga wangu wa kweli."

Tableti ilikuwa juu ya friji, ikichajiwa. Jecinta aliiwasha akatafuta picha. Za kwanza zilikuwa mwanga mtupu. Kisha ikaja ya mkia, imejaa kioo kizima: mweusi, umechakaa, maandishi yamezama ndani ya kutu. Aliitazama akawaza, kwa uvivu kabisa, kwamba ndivyo ulivyokuwa mchafu kabla hajauosha.

Akabaki amesimama pale, friji inanguruma ubavuni.

Alivuta picha ikawa kubwa. Mkia alioujua mzee Kitagawa ulikuwa huu, wenye kutu. Mkia ulioko mezani ulikuwa mweupe. Mzee hakutazama kibonyeo wala mawimbi, alitazama mkia. Chini ya picha kulikuwa na ule ujumbe mrefu. Kiingereza cha Jecinta kilikuwa cha darasani na kazini, lakini kilitosha. Aliruka habari za mpini, akafika kule ambako Bi Kuruthum hakuwahi kufika. Bapa la upanga, mzee aliandika, hunolewa upya na kila kizazi, kwa hiyo halisemi umri wake. Mkia hauguswi kamwe. Kutu yake ndiyo ushahidi. Tafadhali msiusafishe, hata kwa kitambaa.

Nisimsifu bure: alifikiria kunyamaza. Nani alimwona kibarazani? Hakuna. Madam akijua, atamrudisha Mwala na aibu ya kuharibu urithi wa marehemu, na nani atamwajiri tena? Twaibu ana maneno, Twaibu ni mwanamume, labda atajitetea huko polisi. Aliyawaza yote hayo, na aliyamaliza. Lakini dirisha lile la jiko, linalogongwa mara mbili kila siku, linatazama getini, na kupitia hapo alimwona Twaibu ametoka na begi lake, amekaa juu yake, anasubiri gari la Hamdan.

Jecinta akaenda sebuleni.

"Madam, ni mimi. Nilisugua mkia jana. Kwa jivu na limau, na waya."

Bi Kuruthum alimwangalia kama anayemsikia mtu wa redioni. "Unamfichia."

"Simfichii."

"Unamfichia. Nimewasikia majirani, mimi si mtoto. Kitu kina kutu hiyo, wewe uitoe yote kwa mkono, mchana mmoja?"

"Madam, sufuria zako zote zilikuwa nyeusi nilipokuja. Umewahi kuona moja nyeusi tena?"

Bi Kuruthum hakuamini bado. Mzee Kitagawa alikuwa akiwatazama kwa zamu, haelewi neno. Jecinta akamgeukia, akamweleza kwa Kiingereza, na mikono ikisaidia: kiti, jivu, limau, waya, hivi na hivi. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"That was the other thing," alisema taratibu. "I wanted to ask. Madam was on the telephone."

Jecinta akarudia kwa Kiswahili: hilo ndilo la pili alilotaka kuuliza, madam akawa kwenye simu. Bi Kuruthum akaketi.

"Haya, na ushahidi uko wapi?" aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Waya uko wapi?"

Waya ulikwenda na taka asubuhi. Jivu lilikwenda na maji. Jecinta aliutazama mkia, mweupe, safi, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya tangu atoke kwao, na akatamani angekuwa mvivu. Na ndipo akakumbuka. Kila sufuria ina mahali waya haufiki, pale mkono wake unapoungana na ubavu. Mama yake alipachungulia pale kwanza.

"Tundu," alisema. "Lile la kijiti. Waya haukuingia. Nilijaribu na kijiti cha meno kikavunjika, halafu madam ukaniita kuhusu samaki. Sikumaliza."

Mzee alitoa tochi nyembamba na lenzi. Aliuinua upanga kwa mikono miwili, akalielekeza tundu kwenye mwanga, akachungulia. Gari la Hamdan likasikika likisimama nje. Kisha mzee akampa Bi Kuruthum lenzi, akamwelekeza mahali pa kutazama. Ndani ya tundu, ukutani mwake mote, kulikuwa na kutu nyeusi, nene, nyororo, na kipande cha kijiti cha meno kimenasa humo.

Bi Kuruthum alitazama hadi mwisho. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

Upanga ni ule ule, mzee alisema. Na ni wa kale, miaka mia nne si uongo. Tundu peke yake linatosha kumwambia hivyo. Lakini jina ni jambo lingine. Waghushi wengi walichonga jina la mhunzi yule kwenye panga za watu wengine, na njia ya kuwakamata ilikuwa kulinganisha kutu iliyo ndani ya maandishi na kutu iliyo pembeni yake, kama zilizaliwa pamoja. Sasa hakuna cha kulinganisha.

"Haiwezi kurudi?" Jecinta aliuliza. "Hiyo kutu?"

"It will come back," mzee alisema kwa upole. "Not in our time."

Bi Kuruthum alicheka kicheko kikavu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi Nasor kanishinda tena. Nusu mkweli, nusu sijui. Nitakufa hivi hivi." Akamtazama Jecinta, na Jecinta akakaza moyo kwa lile linalokuja. "Na wewe mwanangu, kuanzia leo ujumbe ukija, utanisomea wewe. Wote. Hata nikikwambia nishaelewa."

Hamdan alipewa kahawa na tende akaondoka bila kuelewa aliitiwa nini. Bi Kuruthum alitoka mwenyewe hadi getini, jambo lisilo la kawaida, akamwambia Twaibu arudishe begi ndani, na kwamba amemkosea. Twaibu alisema hakuna shida, madam. Kisha akampeleka Bwana Kitagawa kwa bintiye.

Alirudi kabla ya alasiri. Jecinta alisikia gari, akasikia mlango wa chumba cha getini, na baadaye maji ya udhu yakimwagika. Alichemsha chai, akaongeza tangawizi kuliko siku zote, akamimina katika kikombe cha bluu na kukiweka dirishani. Alikuwa amepanga maneno yake. Angesema: nilichanganyikiwa, Twaibu, kila mtu alikuwa anasema lake, nisamehe. Yalikuwa maneno mazuri, na alikuwa na uhakika nayo.

Dirisha halikugongwa. Alingoja, mwishowe akalifungua mwenyewe. Twaibu alikuwa anafuta kioo cha gari, mgongo umemwelekea.

"Twaibu, chai iko tayari."

Aligeuka. Hata alitabasamu, tabasamu la adabu, lile alilokuwa akiwapa wageni wa madam.

"Asante, dada. Leo nimeshakunywa njiani."

Akaendelea kufuta kioo, ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.